Si kila kitolewacho ni zawadi: majina ya vitu vya harusi na sikukuu

Mkeka wa ukindu uliotundikwa dukani ni bidhaa. Shangazi akiununua na kumpelekea binti wa kaka yake anayeolewa, umekuwa zawadi. Somo wa binti huyo akiukalia wiki kadhaa na kuusuka kwa mikono yake mwenyewe, watu watauita tunu. Upande wa bwana harusi ukiutaja katika orodha iliyokubaliwa na wazee siku ya posa, mkeka huo huo umeingia katika ada, na ukikosekana utaulizwa. Ukindu haukubadilika, wala rangi zake. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya anayetoa na anayepokea, na Kiswahili kina desturi ya kuupa kila uhusiano jina lake.

Kamusi ndogo, hasa zile za lugha mbili, hufasiri sehemu kubwa ya majina haya kwa neno moja tu: zawadi. Mwanafunzi anayeanza anaweza kutosheka nalo. Mfasiri wa hati ya mahakama, mwalimu wa fasihi na mwandishi wa habari hawawezi. Makala haya yanaeleza maneno makuu ya vitu vitolewavyo harusini na sikukuuni, hasa vile vinavyotengenezwa kwa mkono, na yanapendekeza maswali matatu ya kumsaidia mtumiaji kuchagua: Nani anampa nani? Kitu kinatolewa katika hatua gani? Je, mpokeaji ana haki ya kukidai?

Ndoa na harusi

Tuanze na jozi ambayo huchanganywa mara kwa mara. Ndoa, nomino iliyotokana na kitenzi -oa, ni mkataba na hali ya kuishi kama mume na mke. Harusi, au arusi kama wengine waandikavyo, ni sherehe ya kuadhimisha tukio hilo. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Ndoa inaweza kufungwa bila harusi, na harusi ikiisha ndoa huendelea.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa mengine yote. Mahari ni ya ndoa. Zawadi ni za harusi. Kilicho cha ndoa huingia katika makubaliano, hushuhudiwa, na kinaweza kudaiwa. Kilicho cha harusi hutokana na furaha na hiari ya mtoaji. Kwa hiyo sentensi kama "Bwana harusi alimpa mkewe zawadi ya ndoa ya shilingi laki tano" humwacha msomaji njia panda. Ikiwa fedha hizo ni mahari, mwandishi amemnyang'anya mke haki yake kwa kuigeuza kuwa hisani. Ikiwa ni zawadi tu, ameifanya ionekane kana kwamba ilikuwa deni.

Mahari: neno moja, mila zaidi ya moja

Neno mahari limetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu lina maana bainifu: ni mali ambayo mume humpa mke, nayo ni mali ya mke mwenyewe. Baba au mjomba hana haki ya kuichukua. Inaweza kutolewa papo hapo au kuahirishwa, na ikiahirishwa hubaki kuwa deni la mume.

Kiswahili kilipoenea bara, neno hilo hilo lilitumika kutaja desturi nyingine kabisa: mali ambayo ukoo wa mume hupeleka kwa ukoo wa mke, kwa kawaida ng'ombe, mbuzi, nguo au fedha. Wakikuyu huiita ruracio. Wanyarwanda na Warundi huiita inkwano. Hapa mpokeaji ni familia, naye bi harusi huenda asiguse hata sehemu yake. Matini mbili zinaweza basi kutumia neno mahari huku moja ikizungumzia mali ya mwanamke na nyingine mali ya wazazi wake. Mfasiri asipoeleza ni mahari ya mila ipi, msomaji atajaza pengo hilo kwa mila anayoijua yeye.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaeleza kwamba kutolipwa kwa mahari hakuifanyi ndoa kuwa batili. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mtu kudai arudishiwe zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo hatimaye haikufungwa, mradi mahakama iridhike kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti kwamba ndoa ingefungwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba pale ambapo mila inahitaji mahari ili kuthibitisha ndoa, kiasi kidogo kilichotolewa kuwa ishara kinatosha. Katika kesi za namna hii, swali la kama mbuzi fulani alikuwa mahari, kishika uchumba au zawadi haliwi tena la ufasaha wa lugha peke yake. Shahidi husema kwa Kiswahili. Kumbukumbu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Neno moja likipotea katikati, mtu anaweza kupoteza mali yake.

Kuhusu vitenzi: husemwa kutoa mahari na kulipa mahari. La kwanza halina upande na linafaa katika maandishi rasmi. La pili hutumika sana katika mazungumzo na hata katika sheria, lakini lina sauti ya biashara. Mwandishi achague akijua anachokisikilizisha.

Kilemba, mkaja na ubeleko

Kando ya mahari, posa za Waswahili wa pwani zilikuwa na ada zilizoitwa kwa majina ya nguo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza kwa kina desturi za ndoa za Mrima, pamoja na ada zake.

Kilemba, kwa maana ya msingi, ni nguo ya kuzungushwa kichwani mwa mwanamume. Katika posa ni ada ya baba wa binti. Neno hilo pia lilitumiwa kwa malipo ambayo mwanagenzi alimpa fundi wake alipohitimu ufundi. Katika matumizi yote mawili, mpokeaji ni mtu aliyelea na kufunza, na anayetoa anakiri kwamba amepokea kitu kilichokwisha kulelewa na mwingine. Maana hii ndiyo inayoupa nguvu msemo wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa uongo: umbo la heshima lipo, lakini limefumwa kwa majani.

Mkaja ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Katika posa ni ada ya mama wa binti. Ubeleko, au mbeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, nayo pia ilikuwa miongoni mwa vitu apewavyo mama. Hakuna haja ya maelezo marefu kuona mantiki yake: mama analipwa heshima kwa tumbo lililozaa na kwa mgongo uliobeba. Siku hizi aghalabu ada hizi hutolewa kwa fedha taslimu, lakini jina la nguo limebaki. Mfasiri anayekutana na "mkaja, shilingi elfu hamsini" asidhani kwamba kuna kitambaa kilichouzwa ghali. Na anayeandika "zawadi kwa mama mkwe" amefuta tumbo na mgongo kwa pamoja.

Kifungua mlango na jamaa zake

Kundi jingine ni la majina yaliyoundwa kwa kiambishi ki-, shina la kitenzi na nomino inayotendwa. Kishika uchumba ni kitu kitolewacho mwanzoni kuonyesha kwamba posa imekubaliwa na binti ameshikwa. Kifungua mlango hutolewa kwa wanawake waliomlinda bi harusi, ili bwana harusi aruhusiwe kuingia. Kiosha miguu ni ada ya wale wanaompokea bwana harusi kwa kumwosha miguu. Kipa mkono ni kile ambacho bwana harusi humpa bi harusi wanapokutana kwa mara ya kwanza chumbani. Mpangilio na wapokeaji hutofautiana kutoka mji hadi mji, lakini muundo wa majina ni ule ule.

Muundo huu ni hai katika Kiswahili: ndio uliotupa kifungua kinywa, chakula cha asubuhi, na kifungua mimba, mtoto wa kwanza. Mwalimu anaweza kuutumia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, nomino hizi ziko katika ngeli ya ki-/vi-, hivyo upatanisho ni "kifungua mlango chake kimetolewa". Pili, katika wingi hubadilika kiambishi cha mwanzo peke yake: vifungua mlango, viosha miguu. Tatu, jina linataja tendo linalowezeshwa na kitu hicho, wala halitaji kitu chenyewe. Kifungua mlango kinaweza kuwa noti, pete, doti ya kanga au kofia. Kwa sababu hiyo swali "Kifungua mlango ni kitu gani?" halina jibu moja, ilhali "Kifungua mlango kinafanya nini?" lina jibu lililomo ndani ya neno. Kuhusu tahajia, utaona maneno haya yakitenganishwa na mahali pengine yakiunganishwa, kifunguamlango. Chagua moja na uifuate katika matini nzima.

Zawadi, hidaya, tunu, tuzo

Sasa tuje kwenye hiari. Zawadi ndilo neno pana kuliko yote. Asili yake ya Kiarabu inahusiana na masurufu ya safari, na hadi leo mtu anayerudi kutoka safarini huulizwa zawadi zake. Liko katika ngeli ya i-/zi-: zawadi hii, zawadi hizi. Linafaa popote pasipo na haki ya kudai.

Hidaya, ambalo baadhi huandika hedaya, ni zawadi yenye uzito wa heshima. Linasikika zaidi katika ushairi, dini na lugha ya pwani. Lina mtego wake: Kiarabu kina maneno mawili tofauti, moja la zawadi na jingine la uongofu, nayo yamekutana katika Kiswahili kwa umbo moja. "Mungu ampe hidaya" ni dua ya kuongozwa njia njema. Haina uhusiano na kifurushi chochote.

Tunu ni kitu adimu na cha thamani, kinachotolewa kwa mtu apendwaye. Thamani hiyo haipimwi kwa bei lazima. Kofia iliyoshonwa kwa mkono na mchumba ni tunu hata kama uzi wake ulikuwa wa bei nafuu. Jamaa ya neno hili ni kitenzi kutunuku, kinachotumika pale mwenye mamlaka anapomkabidhi mtu heshima: chuo hutunuku shahada, rais hutunuku nishani. Mtoto hamtunuku baba yake, humpa tunu.

Tuzo ni kitolewacho kwa kutambua kazi au ushindi. Karibu nayo yuko kutunza, kitenzi chenye maana mbili. Kumtunza mgonjwa ni kumwangalia. Kumtunza mwimbaji wa taarabu ni kumwendea jukwaani na kumpa fedha. Harusini utasikia "Twendeni tukamtunze bi harusi", na asiyejua maana ya pili atadhani bibi huyo amezidiwa. Kwa uangalizi tumia matunzo. Kwa heshima ya ushindi tumia tuzo. Methali inayokaa vizuri hapa ni chanda chema huvikwa pete: anayestahili ndiye apewaye.

Neno kipawa, lililotokana na kitenzi -pa, kwa umbo lake lina maana ya kitu alichopewa mtu. Leo limehamia kwenye uwezo wa kuzaliwa nao, sawa na kipaji. Epuka kuliandika kwa maana ya zawadi ya harusini, hata kama matini za zamani hufanya hivyo.

Takrima nayo ni ukarimu anaofanyiwa mgeni, kama chakula na vinywaji vya harusini. Historia yake ya karibuni inaonyesha jinsi jina linavyoweza kubeba mzigo. Mabadiliko ya sheria za uchaguzi ya mwaka 2000 nchini Tanzania yaliruhusu takrima ya wagombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Tangu hapo neno hilo zuri la ukarimu lina kivuli cha hongo katika masikio ya Watanzania wengi, na mwandishi wa mwaliko wa harusi atafanya vyema kutumia karamu au ukarimu.

Mwisho, mchango si zawadi. Katika harusi za mijini Tanzania, mchango hutolewa kwa kamati kabla ya sherehe, huandikwa, na hukumbukwa siku mtoaji naye atakapokuwa na shughuli yake. Zawadi hupelekwa siku yenyewe, juu ya mchango huo.

Kazi ya mkono na kauli ya kutendea

Vitu vya harusi vilivyotengenezwa kwa mkono vina msamiati sahihi wa kutendwa kwake, na kutumia kitenzi kisichofaa huonyesha mara moja kwamba mwandishi hajaviona vikitengenezwa. Mkeka husukwa, haufumwi. Makuti ya mkindu hukatwa, hukaushwa na kuchanwa, mengine hutiwa rangi. Kisha husukwa ukili, yaani ukanda mrefu mwembamba (wingi wake kili), na ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane. Kwa hiyo katika kazi moja kuna kusuka na kushona pia. Jamvi ni pana na limesukwa kwa majani magumu zaidi. Hutandikiwa watu wengi. Msala ni mkeka mdogo wa kuswalia, lakini neno hilo pia humaanisha mahali pa kujisaidia, kama katika "ameenda msalani". Muktadha ndio uamuzi. Kawa ni kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa umbo la pia, na jamanda ni kikapu cha mviringo chenye kifuniko, kinachofaa kupelekea vyakula na nguo nyumba kwa nyumba.

Nguo hufumwa, na nakshi za uzi hudariziwa. Baraghashia, kofia ya kushonwa kwa sindano tundu baada ya tundu, inaweza kuchukua wiki nyingi kukamilika. Jamaa yake huvaliwa Oman kwa jina la kumma. Kikoi hufumwa, kisha matamvua yake husokotwa na kufungwa mafundo. Kanga huchapwa kiwandani, lakini kazi ya mkono hufuata: vipande viwili vya doti hukatwa na kupindwa. Kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina mahali pake maalumu harusini. Chetezo cha udi hufinyangwa. Kikuba, fungu dogo la asumini, rehani na majani mengine ya kunukia ambalo mwanamke hujipachika, hutungwa. Koja la maua nalo hutungwa, kama ushanga, na kama shairi.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoonyesha uwezo wake. Linganisha sentensi hizi:

Bibi alimpa mjukuu wake mkeka.
Bibi alimsukia mjukuu wake mkeka.

Ya kwanza inaeleza kukabidhi. Ya pili, kwa kauli ya kutendea, inamweka mjukuu ndani ya kazi tangu ukili wa kwanza: kila mshono ulikuwa kwa ajili yake. Vivyo hivyo tuna kumshonea kofia, kumfumia kikoi, kumtungia kikuba, kumfinyangia chetezo. Zawadi ya kununua hutajwa kwa -pa. Zawadi ya mkono hustahili kitenzi cha kazi yake pamoja na mpokeaji wake. Tafsiri inayogeuza "alinisukia" kuwa "alinipa" imedondosha wiki za kazi ya mtu. Kuna tahadhari moja: kumchongea mtu kinyago kunaeleweka kinyago kikitajwa, lakini "alimchongea" peke yake humaanisha alimsema vibaya ili apatwe na matata. Katika hali hiyo andika "alichonga kinyago kwa ajili yake".

Sikukuu: fitri, sadaka na mkono wa Idi

Mgawanyo wa haki na hiari tuliouona harusini unarudi sikukuuni. Mwisho wa Ramadhani, Mwislamu mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri kabla ya swala ya Idi, kwa kipimo cha chakula kikuu au thamani yake. Ni wajibu wake na ni haki ya maskini; kuiita zawadi ni kosa la maana. Sadaka ni hiari, lakini hutolewa kwa kutarajia thawabu. Mkono wa Idi ni kile ambacho watoto na jamaa hupewa siku ya sikukuu, na huo ndio ulio zawadi hasa.

Neno mkono katika matumizi haya linastahili kuangaliwa. Tuna mkono wa Idi, mkono wa tahania, mkono wa pole, mkono wa buriani na ule kipa mkono wa harusi. Katika yote, kinachotolewa ni kitu pamoja na mguso wa anayekitoa. Ndiyo maana methali husema mkono mtupu haulambwi.

Sikukuu pia ina zawadi ambazo hazifungwi katika karatasi. Katika Ramadhani sahani ya futari iliyofunikwa kawa huvuka uchochoro kwenda kwa jirani, na aghalabu sahani hiyo hairudi tupu. Kwa familia nyingi, za Waislamu wakati wa Idi na za Wakristo wakati wa Krismasi, zawadi kuu ya mtoto ni nguo ya sikukuu. Hapo tena husemwa "ameshonewa nguo ya sikukuu", na kauli ya kutendea hufanya kazi yake ile ile.

Jadi, asili, kimila, kienyeji

Vitu hivi vinapotajwa kwa jumla, waandishi hukimbilia neno la asili. Liko sahihi kwa kinachotokana na maumbile au mwanzo wake: rangi za asili, dawa za asili. Kwa ufundi uliorithishwa kizazi hadi kizazi, -a jadi ni bora: ususi wa jadi. Kwa kinachotakiwa na taratibu za jamii, tumia -a kimila: ada za kimila. Neno -a kienyeji lina sifa njema kwa kuku na mayai, lakini likitajwa kwa ufundi wa mtu linaweza kusikika kama dharau. Mkeka wa harusi basi unaweza kuwa wa rangi za asili, wa ususi wa jadi, na wa matumizi ya kimila, yote kwa pamoja na bila kurudia maana.

Mfano wa mfasiri: agaseke

Tujaribu maswali yetu matatu kwa neno la jirani. Nchini Rwanda, ambako Kiswahili sasa ni miongoni mwa lugha rasmi, kuna kikapu kilichosukwa kwa ustadi, chenye kifuniko kilichochongoka, kiitwacho agaseke (wingi wake uduseke). Hutolewa harusini, na kimo katika nembo ya taifa. Mfasiri atakiitaje? Kikapu ni neno la sokoni. Kiondo kinamrudisha msomaji kwenye mkoba wa katani wa Kenya. Jamanda liko karibu zaidi kwa umbo na kwa kazi, maana nalo lina kifuniko na nalo hupeleka vitu kati ya familia mbili, lakini halina uzito wa kitaifa.

Jibu linategemea matini. Katika hadithi ambamo kikapu kinapita tu mikononi mwa wageni, "jamanda" litatosha. Katika makala ya utamaduni, libakishe neno agaseke, ulieleze mara moja, kisha uendelee nalo. Katika hati ya mgogoro wa mali, swali la tatu ndilo la kwanza: je, uduseke hao na vilivyomo vilikuwa sehemu ya inkwano, au vilitolewa kwa hiari? Hapo umbo la kikapu halina umuhimu. Jina la uhusiano ndilo linalohitajika.

Ushauri kwa walimu ni kuwapa wanafunzi sentensi moja, "Familia ilileta kofia, mkeka na fedha", na kuwataka waiandike upya mara nne: kama mahari, kama ada, kama zawadi, na kama tuzo. Watalazimika kubadilisha kitenzi, kumtaja mpokeaji na kueleza wakati. Watagundua kwamba neno halibadiliki peke yake. Wakimaliza, wasomewe methali kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na waulizwe inafaa katika sentensi ipi kati ya hizo nne. Usambe ni umbo la kale la "usiseme": usiseme kwamba kutoa kunatokana na utajiri. Methali inamhusu atoaye kwa hiari. Anayetoa mahari hatoi moyo tu, anatimiza ahadi. Mwanafunzi anayeiona tofauti hiyo hatahitaji kukariri fasili yoyote kati ya zilizotangulia.